Shajara ya mfuko wetu wa wakfu wa masomo, Tanga: tulivyoanza, tulipokwama na hela ilivyotembea

Naandika kama katibu wa kamati ya mfuko. Sisi ni klabu ya huduma ya kawaida tu hapa Tanga mjini, tunakutana jioni mara moja kwa wiki, kuna walimu, wafanyabiashara, wastaafu wa bandari, mama mmoja wa duka la vitambaa ambaye ndo mweka hazina na bila yeye huu mradi ungeshakufa. Nitakuwa naongeza kila hatua ikikamilika. Mambo yaliyoenda vizuri nitayapita haraka, yaliyotugharimu ndo nitayaeleza maana hayo ndo klabu nyingine watataka kuyajua. Majina ya watoto hayatatajwa humu.

18 Septemba 2021: tumeachana na changa-gawa

Miaka yote tulikuwa tunafanya hivi, mwezi wa tano tunachangishana, matokeo na uchaguzi wa kidato cha tano ukitoka tunatafuta watoto wenye shida, tunawalipia, tunapiga nao picha, basi. Ubaya wake umeonekana 2020. Corona ilivyopiga biashara, wenye nyumba za wageni na wenye mabasi ndo walikuwa wachangaji wetu wakubwa na wao ndo waliumia wa kwanza, kapu likarudi karibu tupu na huku tuna watoto wawili wameshaanza kidato cha tano kwa ahadi yetu. Mmoja alimaliziwa na mwalimu wake, mwingine akarudi kwao Mkinga. Hapo kikao kikasema hatuchukui mtoto mwingine mpaka tuwe na mfuko ambao mtaji hauliwi, kinacholiwa ni riba tu.

Lengo ni milioni 50. Kuna waliocheka, kwamba hela hiyo kwa klabu kama yetu ni ndoto. Mzee wetu mmoja akawaambia mfuko wa dunia wa Rotary, Arch Klumph alipoutoa wazo lake 1917, mchango wa kwanza uliofuata ulikuwa dola 26 na senti 50 kutoka klabu ya Kansas City. Kelele zikapungua. Wazee wa Ngamiani wao hata hawakuhitaji mfano wa Marekani, huku pwani shamba la minazi la wakfu la msikiti wanalijua toka wadogo, nazi zinauzwa, mafuta ya taa yananunuliwa, shamba lenyewe hakuna anayeligusa.

Jambo moja tumelifunga siku ileile na naomba mtakaonakili msiliruke. Klabu za aina yetu uongozi unabadilika kila tarehe 1 Julai, na kila rais mpya anakuja na mradi wake moyoni. Kwa hiyo kamati ya mfuko haifuati kalenda ya uongozi. Watu watano, kila mmoja miaka mitatu, wanatoka kwa zamu wasiondoke wote kwa mpigo. Rais wa klabu anaingia kikaoni, anasikiliza, anachangia mawazo, hapigi kura.

27 Novemba 2021: ahadi ni nyingi kuliko hela

Tumefanya kama kamati za harusi zinavyofanya, maana ndo mfumo ambao kila Mtanzania anaujua. Kadi za mchango, grupu la WhatsApp, orodha inarushwa kila Jumapili jioni, jina, ahadi, alicholipa, anachodaiwa. Usiku wa uzinduzi ahadi zilifika 41,300,000 na watu wakapiga makofi kama hela imeshaingia.

Haijaingia. Mpaka leo ziko kama milioni 9. Orodha ya wadaiwa ilivyorushwa wiki ya tatu watu wawili wakatoka kwenye grupu kimyakimya, na mmoja alikuwa ameahidi milioni 2. Harusi ina tarehe, siku ikifika hujalipa unaona aibu kwenda kula. Mfuko hauna tarehe, mtu anasema nitalipa tu, hauendi popote.

Tulichobadilisha: ahadi kubwa tumezivunja vipande vya kila mwezi, aliyeahidi milioni 1 na laki 2 analipa laki moja kila mwisho wa mwezi kwa mwaka mzima, na mama mweka hazina anampigia simu mtu mwenyewe, haandiki tena kwenye grupu. Grupuni inarushwa jumla tu, bila jina la anayedaiwa. Na hela yote inaingia kwa lipa namba ya akaunti ya mfuko, hakuna kumpa mtu mkononi hata awe nani, maana hapo ndo maneno huanzia.

19 Februari 2022: chakula cha hisani

Nitasema wazi, hii hatutairudia. Tiketi elfu 50, meza laki 4, ukumbi wa ufukweni, MC, muziki, mapambo. Mapato 8,750,000. Matumizi 5,900,000. Faida 2,850,000 na wanakamati wamechoka mwezi mzima. Mapambo peke yake laki 9, eti ukumbi usionekane kama kikao cha shule.

Kilichoingiza hela kwa utulivu ni kitu ambacho hata hatukukipanga. Familia moja ya hapa mjini ilipata msiba, marehemu alikuwa mwalimu, baada ya arobaini wakakaa kikao cha ukoo wakakuta rambirambi imebaki, wakaleta milioni 2 kwa jina lake. Gharama yetu ilikuwa kuandika barua ya shukrani. Baada ya hapo ndugu wa wanachama wawili walioko Muscat wakasikia, wakachangishana huko wakatuma 4,100,000. Tumeweka sasa kifungu, mchango wa milioni 2 kwenda juu unaweza kubeba jina la mtu, na kila mwaka jina hilo linasomwa siku ya kukabidhi.

30 Aprili 2022: kuchelewa kuna bei yake, na tumeilipa

Toka Oktoba mwaka jana tulikuwa na mjadala hela tuiweke wapi. Kundi moja lilitaka kiwanja Pongwe, wajenge vyumba vya kupangisha. Kundi jingine fiksi benki, yani hela inafungwa kwa muda maalumu kwa riba. La tatu hati fungani za serikali za miaka 25, yani unaikopesha serikali, inakulipa riba na mwisho inakurudishia mtaji, ambazo wakati huo zilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Nyumba ilikufa yenyewe tulipouliza nani atakimbizana na wapangaji. Fiksi ilikufa tulipogundua riba yake inakatwa kodi ya zuio asilimia 10 wakati riba ya hati fungani za muda mrefu haikatwi. Kwa hiyo jibu tulikuwa nalo toka Desemba.

Lakini hatukuweza kununua. Klabu imesajiliwa kama jumuiya, na huwezi kwenda kununua hati kwa jina la mwenyekiti, akifa leo hati ni ya warithi wake. Inatakiwa bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) chini ya ile sheria ya wadhamini, Sura ya 318, ndo bodi inakuwa na lakiri (muhuri rasmi) yake na inamiliki mali kwa jina lake lenyewe hata wajumbe wakibadilika. Tulipopeleka makaratasi yakarudi, na yalirudi kwa haki, katiba yetu ya zamani haikuwa na kifungu chochote kinachosema wadhamini ni wangapi, wanachaguliwa na nani na wanatokaje. Ikabidi tuitishe mkutano mkuu kubadilisha katiba, akidi haikutimia mara ya kwanza, tukasubiri mwezi mwingine.

Sasa mwezi huu wa nne Benki Kuu imeshusha viwango. Hati ya miaka 25 imetoka 15.95 imekuja 12.56, ya miaka 20 imetoka 15.49 imekuja 12.10. Nimekaa na kalkuleta. Kwa mtaji wa milioni 30 tofauti ni 1,017,000 kila mwaka, na kwa miaka 25 ni zaidi ya milioni 25, yani karibu mtaji wenyewe. Hati hizi zinauzwa kwa mnada na yenye riba kubwa inanunuliwa kwa bei ya juu, kwa hiyo bei ingepunguza tofauti hiyo kidogo, sawa, lakini bado inauma. Kwa yeyote anayeanza: bodi ya wadhamini kwanza, kadi za mchango baadaye. Sisi tulifanya kinyume chake kwa sababu kuchangisha kunafurahisha na makaratasi hayafurahishi.

Gharama za usajili mpaka sasa (wakili, mihuri, picha, nauli za Dar, kuchapa) 640,000. Zimelipwa na klabu kutoka ada za wanachama, hazijagusa mfuko.

25 Juni 2022: ada imefutwa, sasa sisi tunalipa nini?

Bajeti imesomwa tarehe 14 na serikali imefuta ada ya kidato cha tano na cha sita. Kidato cha kwanza mpaka cha nne ilishafutwa toka 2016. Habari njema kwa nchi, ila kwenye grupu letu ikawa balaa. Wachangaji wakaanza kuuliza kama mfuko bado una kazi, mmoja akaomba arudishiwe laki 3 zake (tumemrudishia, hatukutaka mvutano).

Mwalimu mmoja mwanachama wetu akafanya kitu cha maana kuliko hotuba zote, akaleta fomu za kujiunga za shule za bweni tofauti walizopangiwa watoto wa mkoa huu, tukakaa mezani na kalamu. Ada ya bweni ilikuwa elfu 70 kwa mwaka. Vitu vingine kwenye fomu: godoro, tranka la chuma, shuka za rangi fulani, sare pea mbili, sweta, viatu vyeusi vya ngozi, raba, ndoo, fagio, jembe au panga, rimu ya karatasi, sahani na kikombe, madaftari makubwa, bima ya afya 50,400, michango ya shule ya namna mbalimbali, picha za pasi saizi, halafu nauli ya kwenda mkoa ambao mzazi hajawahi kufika. Ukijumlisha inakaribia laki 4 na lazima ziwe mkononi ndani ya wiki chache tangu majina yatoke. Yani ada ndo ilikuwa kitu kidogo kuliko vyote na ndo pekee ambayo shule ingekuvumilia ulipe polepole. Godoro huwezi kumwambia mwalimu wa bweni utaleta muhula ujao.

Kwa hiyo tumebadilisha kanuni za mfuko. Neno "ada" limetoka, limeingia "gharama za kuripoti na kubaki shuleni". Na tumeamua hatuendi chuo kikuu kwa sasa. Huko kuna Bodi ya Mikopo, haimfikii kila mtu na bumu (hela ya kujikimu) likichelewa vijana wanateseka, najua, lakini mtoto mmoja wa chuo angemeza riba yetu yote ya mwaka na wa kijijini aliyepangiwa bweni akabaki anachunga mbuzi wa jirani.

10 Septemba 2022: cheti, CDS, mnada

Cheti cha bodi kimetoka. Wadhamini watatu, hakuna wawili wa familia moja wala wa biashara moja. Hatua zilizofuata ni za kawaida: TIN, akaunti ya benki kwa jina la bodi, akaunti ya CDS (ndo inatunza hati kielektroniki) kupitia benki, sahihi mbili kati ya tatu.

Mnada wa kwanza tulikosa. Kuna mjumbe ana jamaa yake mjuzi wa mambo haya, akatushauri tuweke zabuni ya ushindani kwa bei ya chini ili tupate hati kwa punguzo. Tukajifanya wajanja, wenzetu kina mifuko ya pensheni na mabenki walikuwa tayari kulipa zaidi, tukaachwa nje na hela ikakaa akaunti ya kawaida haizalishi kitu. Mnada uliofuata tumeingia kwa njia ya pili, ile ambayo hutaji bei, unakubali wastani wa mnada. Kwa mnunuzi mdogo kama sisi hiyo inatosha kabisa, kiwango cha chini ni milioni 1 tu na hatuna sababu ya kushindana na watu wanaonunua kwa mabilioni.

Hesabu ya mtaji: ahadi zilizolipwa 21,400,000, chakula cha hisani 2,850,000, rambirambi 2,000,000, Muscat 4,100,000. Jumla 30,350,000. Tumenunua hati ya milioni 30, miaka 25, asilimia 12.56, chenji imebaki akaunti. Lengo la 50 halikufikiwa na tumeamua kutolisubiri.

25 Machi 2023: riba ya kwanza na ugomvi wa ngapi tuile

Riba inaingia kila miezi sita, kwetu Machi na Septemba. Imeingia 1,884,000, benki imetuma ujumbe, mweka hazina kauweka grupuni na watu wakaanza kupanga watoto kumi papo hapo.

Sasa hapa ndo palikuwa na ubishi mrefu kuliko wote. Wengi walisema riba yote iliwe, mtaji si upo palepale? Upo, lakini 2047 hati ikiiva tutarudishiwa milioni 30 ileile. Mfumuko wa bei mwaka jana ulikuwa asilimia 4.3. Hata tukisema utakuwa 4 tu kila mwaka, milioni 30 za 2047 zitanunua vitu vya kama milioni 11 za leo. Mfuko utaonekana mzima kwenye karatasi huku umeisha. Baba mmoja, fundi mkuu mstaafu, akauliza swali ambalo lilimaliza kikao: "Jembe lilikuwa bei gani ulipoanza kazi, katibu?"

Kanuni tuliyopitisha: kati ya ile 12.56, asilimia 8 inasomesha, 4.56 inarudi kwenye mtaji. Kwa milioni 30 ni 2,400,000 ya kutumia kwa mwaka na 1,368,000 ya kukuza. Inayorudi inakaa kwanza UTT, taasisi ya umma ya uwekezaji wa pamoja, kwenye vipande vya Mfuko wa Ukwasi, ikifika kiasi cha kueleweka inanunua hati nyingine. Kupunguza hiyo 4.56 kunahitaji robo tatu ya wanachama wote, siyo wa waliohudhuria. Kugusa mtaji wenyewe hakuruhusiwi, na klabu ikifa wadhamini wanapeleka kila kitu kwa taasisi nyingine ya elimu ndani ya mkoa wa Tanga.

20 Agosti 2023: kuchagua watoto, na shule imefika kabla ya riba

Tulitangaza shule za kata na misikitini na makanisani. Fomu yetu ya kwanza ilikuwa mbaya. Tuliomba barua ya mkuu wa shule na insha ya ukurasa mmoja "kwa nini unastahili". Zikaja insha nzuri mno, kwa Kiingereza kilichonyooka, na mwandiko wa baadhi yake haukuwa wa mtoto. Tulimpitisha kijana mmoja kwa insha yake mpaka wajumbe walipopita kwao wakakuta baba ana fremu mbili za duka. Hakudanganya kitu, fomu yetu haikumuuliza.

Insha imefutwa. Sasa hivi inakwenda hivi: mwalimu wa taaluma anatoa orodha ya waliofaulu na kupangiwa bweni, mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji anaulizwa kuhusu kaya (kama iko kwenye TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, tayari ni dalili), halafu wajumbe wawili wanaenda nyumbani, na sharti wasiwe wa eneo hilo. Wanaenda bila kamera. Maswali ni machache: nani analeta hela ya chakula, wadogo zake wanasoma wapi, alipomaliza kidato cha nne alikuwa anafanya nini. Yule binti tuliyemchukua wa kwanza alikuwa anamenya machungwa barabarani Muheza toka mitihani iishe na jina lake lisingetufikia kamwe kwa njia ya insha, hakujua hata kama kuna fomu.

Mwanachama mwenye ndugu kwenye orodha anatoka nje ya chumba. Tulipoipitisha kanuni hii mzee mmoja alinuna, mjukuu wake alikuwemo. Bado hajarudi sawasawa kwenye vikao.

Kisha hela. Tulishapanga watoto watano. Kidato cha tano mwaka huu kimeripoti tarehe 14 Agosti, riba ya pili inaingia Septemba. Mkononi kwa ajili ya kusomesha tulikuwa na sehemu ya Machi peke yake, 1,200,000. Watoto watano walitaka karibu milioni 2. Hapo ndo ukaja ule mtihani ambao kila mfuko utaupata: mjumbe akasema tuchukue tu ile 684,000 iliyorudishwa kwenye mtaji, Septemba tunairudisha. Mwingine akasema tuuze kipande kidogo cha hati. Mama mweka hazina akafunga daftari akasema kama ni hivyo atafute mtu mwingine wa kushika funguo. Hatukugusa. Tumepeleka watatu, 398,000 kila mmoja, jumla 1,194,000. Wawili waliobaki, mmoja kapelekwa na ukoo baada ya sisi kwenda kuongea nao, mwingine hakwenda. Hilo la mwisho limetukaa wote.

Kanuni mpya: tunatoa ahadi kwa mtoto kwa hela iliyoko akaunti tayari, yaani riba ya Septemba iliyopita na ya Machi. Hatutegemei inayokuja. Na tarehe ya kuripoti haiwi ileile kila mwaka kwa hiyo inayosubiri inakaa kwenye vipande vya Ukwasi, ukitoa maombi ya kuuza hela inarudi ndani ya siku chache za kazi, huku inazaa kidogo.

Kwa wanaonunua hati sasa: angalieni mwezi wa mnada kabla ya kitu kingine. Kwa hati inayotolewa mara ya kwanza, riba italipwa mwezi huo na miezi sita mbele, miaka yote hiyo. Ukinunua Novemba unapata Mei na Novemba, Mei ni nzuri kwa kidato cha tano na Novemba inasubiri Januari. Sisi tuliangalia asilimia tu.

13 Januari 2024: godoro la Lushoto

Awamu ya kwanza tulijaribu njia mbili za kutoa hela. Wa kwanza tulimpa mlezi taslimu, mlezi akalipia matibabu ya mama mkubwa wa mtoto, na nani angemlaumu, ila mtoto alikaribia kutoripoti na wanachama wakachangishana nje ya mfuko. Wawili waliobaki tuliwanunulia vitu sisi wenyewe, tukanunua kwa pamoja tupate bei ya jumla. Tranka sawa, ndoo sawa. Magodoro tumenunua ya futi 3 na vitanda vya shule moja huko milimani ni vya futi 2 na nusu, mtoto kalala muhula mzima na godoro limejikunja ukutani. Na shuka, fomu ilisema bluu bahari, sisi tukanunua bluu. Sweta tulimpa la Tanga, yani jepesi, Lushoto baridi yake mwezi wa nane siyo ya kuchezea.

Sasa mtoto anaenda dukani mwenyewe, na mlezi wake, na mjumbe mmoja, fomu ya kujiunga mkononi, mjumbe ndo analipa. Inachukua asubuhi moja. Michango inalipwa kwa kontroli namba ya shule, risiti inabaki kwetu. Nauli na hela ya matumizi kidogo anapewa mtoto mwenyewe mkononi, mbele ya mlezi.

Tumegundua pia watoto wanakwama zaidi kurudi kuliko kwenda. Likizo ya Desemba ikiisha hakuna nauli, hakuna sabuni, wanachelewa wiki mbili tatu na wengine hawarudi. Tumewapa elfu 60 kila mmoja mwezi huu, jumla 180,000. Haikuwemo kwenye mpango wa awali.

6 Julai 2024: awamu ya pili imeripoti

Mwaka huu wameripoti tarehe 1 Julai, mapema zaidi, na kwa mara ya kwanza hatukukimbizana na hela.

Hesabu: Septemba 1,200,000, Machi 1,200,000, bakaa ya mwaka jana 6,000, toa 180,000 ya Januari, inabaki 2,226,000. Watatu wa zamani wanaingia kidato cha sita, hawa hawahitaji tena godoro wala tranka, 150,000 kila mmoja, jumla 450,000. Wapya wanne kwa 420,000 (bei za madukani zimepanda, sare hasa), jumla 1,680,000. Bakaa 96,000.

Angalieni hapo. Mpango wa mwanzo kabisa ulisema watoto watano kila mwaka kwa 2,400,000 na mwaka wa kwanza kwenye karatasi ulitosha vizuri. Hakuna aliyekumbuka kwamba wa mwaka wa kwanza hawaondoki, wanakuwa kidato cha sita na wapya wanaingia juu yao, plus nauli za Januari za awamu zote mbili. Kama si ile shida ya Agosti kutulazimisha kuanza na watatu, sasa hivi tungekuwa tunamwambia mtu wa kidato cha sita hela imeisha, kosa lilelile la 2020. Ukipanga mfuko panga kwa mwaka wa pili.

Januari ijayo watakuwa saba, kwa elfu 60 ni 420,000, na hiyo lazima itoke kwenye riba ya Septemba kabla hatujahesabu wapya wa 2025. Mweka hazina ameshaiandika kwa wino mwekundu.

Upande wa mtaji: zilizorudi ni 684,000 mara tatu, 2,052,000 zipo kwenye vipande. Ahadi za zamani bado zinalipwa polepole, mzee mmoja analeta elfu 20 kila mwezi toka 2021 hajaruka hata mmoja. Tukifikisha milioni 5 tunanunua hati ya pili na tunasubiri mnada wa Mei au wa Novemba, hatununui mwezi mwingine.

Yaliyobaki mezani: mkaguzi wa hesabu wa kujitolea (tunaye mhasibu mstaafu, anataka vitabu viwe kwenye eksel siyo daftari), taarifa za wadhamini RITA, na ombi la fundi mkuu kwamba nafasi moja kila mwaka iende kwa kijana wa VETA (vyuo vya ufundi) maana siyo kila mwenye akili anaenda kidato cha tano. Kikao kimegawanyika nusu kwa nusu juu ya hili la VETA. Litapigiwa kura Agosti.